Rupia katika Kopo la Nyamongo

Kopo lilikuwa la mafuta ya Kimbo, la zamani, limeliwa na kutu ukingoni hata kifuniko hakifunguki bila kisu. Mzee alilifungua taratibu, akamwaga vilivyomo juu ya kigoda kilichokuwa kati yetu: kifungo cha koti la kijeshi, ufunguo usio na kufuli lake, na sarafu nne. Tulikuwa Nyamongo, upande wa Tarime, mahali ambapo ukikaa uani unasikia malori ya mgodi yakipanda na kushuka kutwa nzima. Watu wa huko wanaijua bei ya dhahabu ya leo kama mkulima anavyoijua bei ya mahindi. Lakini siku hiyo mzee hakuwa na swali la dhahabu. Walikuwa wamefika kwake vijana wawili na pikipiki, wakamwambia wanatafuta rupia za Mjerumani, na kwamba rupia iliyo sahihi hulipwa mamilioni.

"Mura," aliniuliza, "wewe unayesoma mambo haya, hizi ni hela ngapi?"

Nilicheka kwa furaha, na ikabidi nimweleze kwa nini. Mojawapo ya sarafu zile nne ilikuwa hela yenyewe. Ilikuwa nyeupe, nyembamba, yenye tundu katikati, imeandikwa 10 na neno la Kijerumani Heller. Waswahili walilitamka neno hilo hela, na sarafu ilipokufa jina lake halikuzikwa nayo. Leo mtu wa Sirari akidai hela zake, au mama wa sokoni Mugumu akisema hana hela ndogo ya kurudisha chenji, anaitaja sarafu ya dola iliyoondolewa nchini zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wanaoshika hela halisi siku hizi ni wakusanyaji wa sarafu, na huishika kwa ncha za vidole ili jasho lisiichafue.

Sarafu ya pili ilikuwa ya shilingi ya Mwingereza, yenye simba amesimama mbele ya milima. Ya tatu ilikuwa kubwa, ya fedha, yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma iliyotuliwa na tai, masharubu yake yamelainika kwa kushikwashikwa hata yanakaribia kufutika. Mwaka ulisomeka vizuri: 1910. Ya nne ndiyo iliyonifanya niinuke na kwenda nayo juani. Ilikuwa ya shaba ya njano, nzito, kingo zake hazikwenda sawa, kana kwamba fundi aliipiga huku akitazama mlangoni. Upande mmoja ulikuwa na taji, herufi D.O.A. na mwaka 1916. Upande wa pili ulikuwa na 20 Heller ndani ya kitawi. Palikuwa pia na herufi moja ndogo: T. Herufi hiyo ni Tabora.

Historia ya thamani ya vitu vile vinne haikuanza Tabora, hata hivyo. Ilianza pwani, na ilianza na rupia. Kabla ya Mjerumani, biashara ya Unguja na mrima ilikwenda kwa fedha za watu wengi, lakini rupia ya Uhindi ndiyo iliyozoeleka kuliko zote, pamoja na kidogo chake, pesa, ambacho nacho kimetuachia jina. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kupiga pesa zake zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja, na rupia za fedha zenye uzito uleule wa rupia ya Uhindi, gramu 11.66, ili mfanyabiashara wa pwani asizikatae. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Kampuni iliyotoka jana haiwezi kuwalazimisha watu waiamini, ila inaweza kutengeneza kitu kinachofanana na kile wanachokiamini tayari.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni yenyewe ilichukua kazi ya sarafu kutoka kwa kampuni, ikafuta pesa 64 na kuigawa rupia katika heller 100. Rupia 15 zikafanywa sawa na mark 20 za Ujerumani. Kwa mtu wa bara, sarafu hizi ziliingia nyumbani kwa mlango wa kodi. Kodi ya nyumba ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Mkuria aliyekuwa akihesabu mali yake kwa ng'ombe, ambaye mahari yake, faini zake na urafiki wake vyote vilitembea kwa miguu minne, alitakiwa apeleke bomani kitu ambacho hakizai wala hakinywi maji. Akauza ng'ombe au mbuzi, au akaenda kufanya kazi ya kijungujiko, akapata rupia, akairudisha kwa yule yule aliyeitoa. Mzunguko huo ndio ulioipa sarafu nguvu. Rupia ilikuwa na thamani kwa sababu upo mlango mmoja ambao lazima uipokee, nao ulikuwa mlango wa boma.

Ningeomba msomaji alishike jambo hilo la mlango, kwa sababu ndilo linaloeleza yaliyotokea vita vilipofika.

Agosti 1914 vita vilianza, na manowari za Waingereza zikaifunga pwani. Sarafu zilizokuwa zikipigwa Berlin na Hamburg hazikuweza kuja tena. Zilizokuwa tayari nchini nazo zikaanza kupotea: kila mwenye rupia ya fedha aliifukia, kwa kuwa alijua fedha ni fedha hata serikali ikiondoka. Jeshi lilihitaji kulipa askari, kununua mtama na mchele, kuwatunza wapagazi. Mwaka 1915 benki ya wakoloni mjini Dar es Salaam ikaanza kuchapisha noti za muda, kwa wino na karatasi zilizopatikana papo hapo. Hali ilipozidi kuwa ngumu noti zilizidi kuwa duni, na kufikia 1917, jeshi likiwa linakimbia porini kusini, noti zilikuwa zikigongwa kwa herufi za muhuri wa mpira, kama risiti za dukani. Wakusanyaji wa leo huziita noti za porini.

Mwaka 1916 serikali ilikuwa Tabora. Reli ya Kati ilikuwa imefika huko mwaka 1912, na pamoja na reli ikaja karakana kubwa ya kutengenezea injini na mabehewa. Katika karakana hiyo ya reli, mafundi walianza kupiga sarafu. Kwanza zilikuwa za shaba: heller 5 na heller 20, kutokana na maganda ya mizinga na risasi na vyuma chakavu vya shaba vilivyookotwa kila mahali. Heller 5 zilipigwa zaidi ya laki tatu, na heller 20 zaidi ya milioni moja. Mihuri ilichakaa upesi, ikachongwa mingine kwa mkono, na kila mchongaji aliweka mkono wake bila kukusudia: taji moja likawa kubwa, jingine dogo, herufi L za neno Heller mara zikachongoka, mara zikapinda mkia. Mafundi wale walikuwa wakikimbizana na siku. Hawakujua kwamba tofauti zile ndogo, ambazo mpokeaji wa mshahara wa Tabora hakuziona, zingekuja kupewa namba katika vitabu vya bei, na kwamba mkia wa herufi moja ungeifanya sarafu moja iuzwe mara kadhaa ya mwenziwe.

Kisha wakapiga ya dhahabu.

Dhahabu ilitoka Sekenke, huko Iramba, katika Singida ya leo. Huo ndio uliokuwa mgodi mkubwa wa dhahabu wa enzi za Wajerumani, ulioanza mwaka 1909. Wakati wa amani dhahabu ya Sekenke ilisafirishwa Ulaya. Meli zilipokoma, dhahabu ilibaki nchini haina pa kwenda, na wakuu wa koloni waliamua kuigeuza fedha. Katikati ya mwaka 1916 karakana ya Tabora ilitoa sarafu 16,198 za rupia 15. Upande mmoja tai wa dola ya Ujerumani, upande wa pili tembo ameinua mkonga, anapiga kelele, nyuma yake milima, chini yake 1916 na ile T ndogo. Nimeziona picha za sarafu nyingi za dunia, na sioni aibu kusema hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tembo yule hana unyenyekevu wa tembo wa nembo. Ameshtuka, na mkonga wake uko juu kama wa mnyama aliyenusa moto.

Nikiwa pale Nyamongo nilimweleza mzee hesabu moja ya sarafu hiyo, naye, kwa kuwa amekaa na wachimbaji maisha yake yote, aliielewa kabla sijaimaliza. Rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20. Sarafu ya mark 20 iliyopigwa Ujerumani ilikuwa na dhahabu safi gramu 7.168. Ile ya Tabora ilikuwa na uzito huohuo kamili, gramu 7.168. Lakini huo ulikuwa uzito wa sarafu yote, na ndani yake robo ilikuwa madini mengine. Dhahabu safi ilikuwa gramu 5.376 tu. Ukiipima kwa bei ya dhahabu ya Ujerumani ya wakati ule, hiyo ni dhahabu ya mark 15. Basi aliyepokea sarafu ya tembo kwa mark 20 alipokea dhahabu ya mark 15, na mark 5 zilizobaki zilikuwa neno la serikali.

"Robo ni maneno," mzee alisema.

Robo ni maneno, na waliotoa maneno hayo walikuwa wakifunga mizigo. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, likiongozwa na Jenerali Charles Tombeur, liliingia Tabora. Karakana ilikuwa imeshanyamaza. Mlango wa boma uliokuwa ukipokea sarafu zile ukawa wa mtu mwingine, mwenye fedha yake.

Kilichofuata kilikuwa ni kila kitu kurudi kwenye asili yake. Noti zilirudi kuwa karatasi. Mpagazi au muuza mtama aliyelipwa kwa noti ile hakuwa na kitu chini ya utawala mpya, na hasara ile ilikaa katika vijiji ambavyo havikuulizwa kama vinataka vita. Heller 20 ya Tabora ilirudi kuwa kipande cha shaba, kizuri kwa kufulia bangili. Rupia ya fedha ilibaki na fedha yake. Sarafu ya tembo ilibaki na robo tatu zake za dhahabu.

Waingereza walileta vurugu yao wenyewe ya fedha. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwishoni mwa 1919. Mwaka 1920 rupia ikabadilishwa kuwa florini, na muda si mrefu florini nayo ikatoa nafasi kwa shilingi, mbili kwa kila florini. Kwa jicho la mwananchi, rupia moja ilikuwa imegeuka shilingi mbili, na mbili ni nyingi kuliko moja. Lakini rupia ilikuwa na fedha safi kama gramu 10.7. Shilingi mpya yenye simba ilikuwa na robo tu ya fedha ndani yake, chini ya gramu 2. Shilingi mbili kwa pamoja hazikufikia gramu 4. Na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hata hiyo robo iliondolewa, simba akabaki juu ya madini mengine matupu. Wazee waliozificha rupia katika vibuyu na kuzitia kwenye shanga za wake zao walikuwa na sababu nzuri kuliko walivyodhaniwa.

Ipo dunia moja ambapo mabadiliko ya namna hii huonekana wazi kuliko katika historia ya mataifa, nayo ni kasino. Mchezaji akiingia anabadilisha fedha zake na kupewa vibao vya duara, wenyewe huviita chipu, na ndani ya ukumbi ule chipu ni fedha kamili. Akitoka nje nayo ni udongo au plastiki iliyopakwa rangi. Kasino ikifungwa, hutangazwa muda wa kurudisha chipu, na muda ukiisha mlango umefungwa. Hapo ndipo jambo la ajabu hutokea: chipu ya dola 5 ya kasino iliyobomolewa, ambayo hakuna atakayeilipa dola 5, huanza kununuliwa na watu wanaoikumbuka kasino ile au wanaokusanya vitu vya namna hiyo, na ikiwa zimebaki chache bei huvuka mbali thamani iliyoandikwa. Zikigunduliwa nyingi ghalani, bei huanguka kwa usiku mmoja.

Huko Nevada, Marekani, kabla ya tokeni, kasino zilitumia dola halisi za fedha. Miaka ya 1960 bei ya fedha ilipopanda, watu walianza kuondoka nazo bila kuzirudisha mezani, kwa sababu iliyokuwa ndani yake ilikuwa ikikaribia kuipita ile iliyoandikwa juu yake. Kuanzia 1965 kasino zikalazimika kupigiwa tokeni za bandia. Mjini Reno aliishi tajiri mmoja mpenda kamari, LaVere Redfield, ambaye hakuziamini benki wala noti. Alipofariki mwaka 1974 nyumbani kwake zilikutwa dola za fedha zaidi ya laki nne, na mwaka 1976 ziliuzwa kwa dola milioni 7.3. Alikuwa amefanya kile kile alichofanya mtu wa Unyamwezi wa 1915 aliyefukia rupia zake chini ya kinu.

Sarafu ya tembo ilipita njia mbili kwa wakati mmoja, na hizo njia mbili ni vyema zitenganishwe, maana vijana wa pikipiki huzichanganya makusudi. Njia ya kwanza ni ya dhahabu iliyo ndani yake. Hadi 1933 aunsi ya dhahabu ilikuwa dola 20.67, kwa hiyo dhahabu ya sarafu ya Tabora ilikuwa na thamani ya dola tatu na nusu hivi. Mwaka uliofuata Marekani ikaifunga bei kwenye dola 35, na dhahabu ya sarafu ikawa dola 6. Baada ya 1971 bei ikaachiwa. Januari 1980 ilifika dola 850, na dhahabu ile ikawa dola 147. Kisha ikaporomoka kwa miaka ishirini, hata mwaka 1999 ikashuka chini ya dola 45. Oktoba 2025 aunsi moja ilivuka dola 4,000, na dhahabu ndani ya sarafu ya tembo ikakaribia dola 700.

Njia ya pili ni ya watu wanaoitafuta. Hawa hawaitafuti kwa sababu ya gramu 5. Wanaitafuta kwa sababu zilikuwa 16,198 tu, kwa sababu ya tembo, kwa sababu ya karakana ya reli katikati ya Afrika iliyopiga dhahabu huku adui akikaribia. Nazo zimegawanyika katika aina mbili, kutegemea mkia wa pambo unakomea chini ya herufi gani ya neno Ostafrika: aina moja zilipigwa 6,395, nyingine 9,803. Katika minada ya Ulaya na Marekani sarafu moja iliyotunzwa vizuri huuzwa kwa maelfu ya dola. Hata mwaka ule wa 1999, dhahabu ilipokuwa imelala, wapenzi wa tembo yule hawakulala. Bei ya madini na bei ya kumbukumbu ni ng'ombe wawili waliofungwa nira moja, na si mara zote wanakwenda kwa mwendo mmoja.

Sisi wenyewe tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1974 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa sarafu tatu za kuhimiza uhifadhi wa wanyama: ya shilingi 25 yenye twiga, ya shilingi 50 yenye faru, zote za fedha, na ya shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Ile ya duma ina dhahabu safi gramu 30 na ushee. Kwa thamani iliyoandikwa juu yake leo huwezi kununua kilo ya sukari. Kwa dhahabu iliyo ndani yake, bei ilipovuka dola 4,000, ilikuwa inazidi shilingi milioni 9. Duma ni yule yule. Kilichokimbia ni shilingi.

Na hapa ndipo Nyamongo inapoingia katika habari hii kwa haki yake. Dhahabu safi ya sarafu zote 16,198 za Tabora, ukiijumlisha, ni kilo 87. Mgodi wa North Mara ulioko pale juu ya nyumba ya mzee, wenye mashimo ya Nyabirama, Nyabigena na Gokona, huzalisha kiasi hicho kwa muda usiofika wiki moja. Uzalishaji mkubwa ulianza mwaka 2002 chini ya kampuni iliyoitwa Afrika Mashariki. Placer Dome wa Kanada wakaununua, kisha Barrick mwaka 2006, ikaja zamu ya jina la Acacia, na tangu 2019 Barrick na serikali wanaumiliki pamoja kupitia kampuni ya Twiga, serikali ikiwa na asilimia 16. Kabla ya wote hao wenyeji walichimba kwa sululu na nyundo, wakasaga mawe, wakachenjua kwa zebaki na kumuuzia broka kwa gramu na kwa pointi, ambayo ni sehemu ya kumi ya gramu. Wapo wanaofanya hivyo hadi leo pembezoni.

Hapo zamani kidogo, miaka ya 1930, machimbo ya upande wa Musoma, Buhemba na Kiabakari, ndiyo yaliyowapa ng'ombe wa Wakuria soko kubwa la nyama. Kwa hiyo dhahabu na ng'ombe vimeshindana na kusaidiana katika nchi hii kwa karibu miaka mia, na mtu wa Nyamongo akipata dhahabu ya kutosha bado wazo lake la kwanza mara nyingi ni ng'ombe. Simlaumu. Ng'ombe hana mtu wa kumtangaza kuwa si halali tena.

Serikali nayo imerudi kwenye fikra ya Tabora kwa njia iliyo njema zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu ilinunua dhahabu ya wachimbaji wadogo ili isitoroshwe nje. Na kuanzia Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wametakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao iuzwe kwa Benki Kuu, iwe akiba ya taifa. Sehemu ya dhahabu inayotoka katika ardhi hii sasa inabaki nchini kwa amri. Naliandika hili kwa furaha ya kweli. Katika rupia 242,970 zilizopigwa kwa dhahabu Tabora, ambazo zingelipa kodi ya nyumba karibu 81,000, ni vigumu kuamini kuwa mchimbaji wa Sekenke alikula hata moja. Sarafu moja tu ya tembo ilikuwa kodi yake ya miaka mitano.

Nirudi kwa vijana wa pikipiki. Biashara ya rupia ya Mjerumani imeumiza watu wengi nchini, na huko vijijini wapo waliouza shamba. Hadithi yake hufuata mtindo mmoja: ipo rupia yenye nguvu, huvuta wembe, huvuta punje za mchele, huzima taa ya tochi, na mzungu mmoja yuko tayari kuinunua kwa mabilioni. Anayeletewa habari hiyo huombwa kwanza fedha ya vipimo, au huuziwa rupia moja kwa bei ya kutisha ili akamuuzie mzungu, na mzungu huwa hafiki. Rupia za fedha za Kijerumani zilipigwa kwa mamilioni. Hazivuti mchele. Ya kawaida, iliyochakaa, bei yake kwa wakusanyaji ni makumi ya dola. Zipo adimu, kama za rupia 2 za 1893 na 1894, na hizo zina bei kubwa, lakini kwa uadimu wake na hali yake nzuri, na huuzwa mbele ya watu wenye mizani na kitabu. Ile ya dhahabu nayo ina nakala za kughushi kila kona. Anayekutajia uchawi kabla ya kukutajia uzito amekuja kuiba.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba niichukue ile rupia ya 1910 niende nayo Mwanza nikaipime, asikie kwa mtu wa mizani. Nilimwandikia kikaratasi cha kukiri nimeipokea, akakikunja na kukitia ndani ya kopo mahali pake.

Sonara niliyemwendea Mwanza alikuwa mzee wa Kihindi mwenye duka dogo karibu na soko. Hakushangaa. Alinieleza jambo ambalo nilikuwa nimelisoma lakini sijawahi kuliona likifanyika: kwamba tola, kipimo ambacho masonara na wanunuzi wa dhahabu wa Kongo, Kampala na pwani yote bado wanakitaja, ni gramu 11.66, yaani uzito wa rupia moja. Babu yake hakuwa na mawe ya mizani. Alipima dhahabu ya wateja kwa kuweka rupia mpya upande wa pili. Sarafu iliyokufa kama fedha iliendelea kuishi kama kipimo, na hadi leo dhahabu ya Ituri inakadiriwa bei kwa uzito wa sarafu ambayo wengi wa wauzaji wake hawajawahi kuiona.

Aliiweka rupia ya mzee kwenye mizani ya kielektroniki, akangoja namba zitulie. 11.38.

"Imepungua," akasema, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya masharubu ya Kaisari. "Hii ilifanya kazi."

Nilipoirudisha Nyamongo nilimwambia mzee namba ile, na kwamba zaidi ya robo gramu ya fedha ilibaki mikononi mwa watu walioishika. Aliitazama kwa muda, akaniuliza kama wa kwanza kuishika huenda alikuwa baba wa baba yake, aliyekwenda kulipa kodi boma la Shirati. Nikamwambia inawezekana. Akaichukua ile hela yenye tundu, akapitisha uzi ndani yake, akamvalisha mjukuu wake wa kike shingoni. Rupia akairudisha koponi, juu ya kikaratasi changu, akakigonga kifuniko kwa mpini wa kisu hadi kikakaa.